Nilimwambia binti yangu nimekisoma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 39, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nanunua kwa wavuvi wa visiwani, naanika, nafunga magunia, nawauzia wanaopeleka Kongo na wale wanaosaga chakula cha kuku. Namshukuru Mungu, kazi hii inatulisha na inasomesha watoto wangu watatu. Sikuandikii habari ya pesa wala ya ndoa. Ni jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia, maana nikilifikiria tu naona haya.

Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tano, bweni, anachukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Siku hizi mazungumzo yake yote ni vitabu. Alipokuja mapumziko mafupi tulikuwa uani tunachambua dagaa, tunatoa mawe na vijiti, akaniuliza: "Mama, si wewe ni Mkerewe? Kile kitabu cha Kitereza, cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, umeshakisoma?" Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Nimekisoma, zamani."

Shangazi, sijawahi hata kukishika. Jina nililisikia utotoni, watu wazima wakimtaja mzee huyo wa kwetu. Lakini mtoto alifurahi mno. Akasema darasani kwao hakuna mwenye mzazi aliyekisoma, na wamepewa kazi ya kuandaa kuhusu waandishi waliotoka Ukerewe, kwa hiyo likizo ya Desemba atakuja na daftari nimsimulie. Akanikumbatia na mikono yake iliyojaa vumbi la dagaa. Kesho yake akarudi shule, na mimi tangu siku hiyo silali vizuri.

Niliishia kidato cha nne. Kiswahili nilikuwa nakipenda, mpaka siku moja mwalimu aliponisimamisha nisome kwa sauti, nikajikwaa kwenye maneno. Akasema mimi niende nikauze samaki kama wazazi wangu, fasihi niwaachie wenye kichwa. Darasa zima likacheka. Nikaenda kuuza samaki kweli, wala sijutii kazi yangu, ila tangu wakati ule nikiona kitabu cha hadithi nakipita kwa aibu kama napita nyumba ya mtu anayenidai.

Baada ya binti kuondoka nilikwenda mjini kwa vijana wanaotandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara, nikanunua vitatu. Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa sababu kila mtu anamtaja. Nagona cha Kezilahabi, kwa sababu naye ni wa kwetu Ukerewe na kitabu chenyewe ni chembamba. Cha tatu ni cha Kiingereza, kinene kama tofali, cha Mrusi Tolstoy kuhusu vita na amani. Kijana aliniambia aliyemaliza hicho hadaiwi tena na mtu.

Kusadikika nilisinzia pale waziri anapomshtaki yule bwana. Nagona nilisoma kurasa kumi na mbili, nikazirudia mara tatu, sikujua nani anasema wala yuko wapi. Cha Mrusi kilinishinda kwa majina. Mtu yuleyule ukurasa huu anaitwa hivi, ukurasa wa pili anaitwa vile.

Najiona nimeachwa mbali. Wenzangu waliosoma wameshapita foleni yote hiyo, mimi hata mstari sijaingia. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mpishi hodari wa pombe ya ndizi, nakumbuka mpaka harufu yake, na hadithi zake za usiku nazikumbuka, lakini hayo si mambo ya vitabuni.

Nianzie wapi, Shangazi? Ni lazima nianze na vya zamani kabisa ndipo nishuke? Nikisoma vilivyotafsiriwa, nitakuwa nimesoma kweli au nitakuwa nimedanganya mara ya pili? Na mtoto wangu nimwambie nini? Nafasi yangu ya kusoma ni siku za mbalamwezi tu, mitumbwi ikiwa imelala.

Mama wa Mwaloni, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi. Jioni nilidhani unaniuliza habari za vitabu. Asubuhi nikaona umefunga mambo mawili kwenye gunia moja: hamu ya kusoma, ambayo ina njia zake, na lile neno "nimekisoma" ulilomjibu binti yako uani. Na chini kabisa ya gunia kuna darasa lililocheka zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Naanza na hilo darasa, kwa sababu naona bado linakaa nyuma yako kila unapofungua ukurasa. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake akajikwaa kwenye maneno ni mtoto mwenye hofu. Kusoma kwa sauti mbele za watu ni kazi ya ulimi na moyo, kuelewa ni kazi nyingine, na wapo wengi wanaosoma kwa sauti nzuri wasiambulie kitu. Wewe umeniandikia kwamba ulisikia mdomo wako unajibu. Umeniandikia kwamba unakipita kitabu kwa aibu kama nyumba ya mtu anayekudai. Mwanangu, hayo hayaandikwi na mtu asiye na kichwa cha fasihi. Yule mwalimu alikosea juu yako, na nasikitika kwamba kosa lake umelibeba wewe.

Sasa hiyo foleni. Wenzako unaosema wameimaliza, umewaona wakisoma, au umewasikia wakitaja majina ya vitabu? Nimeishi na walimu wa fasihi miaka mingi, na sijakutana na hata mmoja asiye na kitabu kikubwa ambacho hajakifungua. Yupo anayejua mashairi ya Muyaka wa Mombasa kwa moyo lakini riwaya za Unguja hazijui. Yupo aliyemsoma Shaaban Robert karibu wote, Kitereza hajamgusa. Mali hii ni kubwa kuliko umri wa mtu, na kila mmoja wetu ameingia kwa mlango wake.

Ndiyo maana sioni lazima uanze na vya zamani kabisa. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Lamu mwaka 1858, mama anayemwusia binti yake. Ni kazi ya thamani, na mada yake ingekugusa, lakini lugha yake ni Kiswahili cha Kiamu cha zama zile, na msomaji wa huku kwetu hawezi kwenda bila maelezo ya maneno pembeni. Kumpa mtu utendi huo kama kitabu cha kwanza ni kama kumfundisha kupiga kasia siku ya dhoruba. Siku yake itafika.

Hebu tuviangalie vile vitatu ulivyonunua, maana nataka ujue kilichokushinda ni nini hasa.

Nagona ulikichagua kwa wembamba, na wembamba wa kitabu si wepesi wake. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971, kisha Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, zote zina watu unaowafahamu na kisa kinachokwenda mbele. Nagona ilikuja 1990. Alikwisha kuandika kwa karibu miaka ishirini, na humo aliuacha kwa makusudi usimulizi wa kawaida: mahali hapatajwi, kisa hakiendi kwa mstari, ndoto na fikra vinachanganyika. Wasomi wanaendelea kubishana juu ya maana yake. Kwa hiyo uliposoma kurasa kumi na mbili usijue nani anasema, ulikuwa unaisoma sawasawa. Ulipanda ngazi kwa kuanzia kidato cha juu, basi.

Kusadikika nakuomba usikitupe. Shaaban Robert alikichapisha mwaka 1951, nchi ikiwa chini ya Waingereza, na alichotaka kusema hakikuweza kusemwa waziwazi. Akabuni nchi inayoelea angani. Majina ndiyo ufunguo: waziri anayeshtaki anaitwa Majivuno, mshtakiwa ni Karama, na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Ulisinzia kwenye mashtaka, na hapo kweli pana maneno mengi. Kinachofuata ni kingine. Karama anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini kutafuta maarifa, na walivyopokelewa waliporudi. Ni hadithi sita ndani ya kesi moja. Ruka mashtaka, soma safari moja kwa usiku mmoja kama ulivyokuwa ukimsikiliza bibi yako, kisha rudi mwanzoni. Hakuna askari wa kukukamata kwa kuruka kurasa. Na kama lugha yake bado ni nzito, jaribu kwanza Adili na Nduguze cha mwandishi huyohuyo, kifupi, kisa cha ndugu watatu na husuda.

Kile cha Kirusi kiweke kabatini bila kujilaumu. Warusi huitana kwa jina la mtu, la baba yake, la ukoo na la kudekezana, ndiyo maana ulimpoteza mtu mmoja ndani ya majina manne, tena katika kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja, tena kwa lugha ya tatu. Ukitaka kumwonja Tolstoy, ana hadithi fupi ya mwaka 1886 kuhusu mkulima anayeambiwa ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama itakuwa yake. Inasomeka kwa kikao kimoja. Sitakuambia alifika wapi.

Nije kwa Kitereza sasa, maana huyu ndiye aliyekunyima usingizi.

Aniceti Kitereza alizaliwa 1896. Kitabu chake alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza 1945. Hakupata wa kukichapisha kwa lugha hiyo. Akakaa nacho. Uzeeni akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 kikatoka Dar es Salaam, vitabu viwili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano mtu anasubiri kitabu chake! Kila nikilikumbuka hilo naona vigumu kumwambia msomaji yeyote kwamba amechelewa.

Humo pia kuna jibu la swali lako kuhusu tafsiri. Kitabu unachoona haya kwa kutokukisoma, Kiswahili chake ni tafsiri, na mtafsiri ni mwandishi mwenyewe. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama ng'ambo ile ya ziwa, alimtafsiri Shakespeare akiwa Ikulu. Mtu anayesoma tafsiri amesoma. Anapoteza baadhi ya mlio wa maneno, hilo ni kweli, na siku moja anaweza kutamani kuusikia mlio wenyewe. Wewe kwa Kitereza una bahati ambayo wasomaji wengi hawana, kwa sababu Kikerewe kilichojificha chini ya Kiswahili chake utakisikia.

Kisa kinaanza na ndoa yenye huzuni. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto, ukoo wa mume unamsimanga mke, wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Mume anabaki peke yake na nyumba isiyo na moto. Kisha anaondoka kwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, na kati ya masharti anayopewa ni kupeleka pombe ya ndizi. Mwandishi haruki kitu. Anakuonyesha jinsi mgeni anavyokaribishwa, nani anakaa wapi, nani anaonja kwanza, nini kinalimwa lini, samaki anavuliwaje, mgonjwa anatibiwaje.

Hapo pana hatari, nikuambie mapema. Kitabu ni kirefu na kinakwenda taratibu. Msomaji aliyezoea visa vya haraka anaweza kukiona kinazunguka, na wapo waliokiacha njiani kwa sababu hiyo. Lakini wewe umeniandikia, kama jambo la kupita, kwamba bibi yako alikuwa mpishi hodari wa pombe ya ndizi. Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliiweka barua chini. Unakumbuka ndizi zilivyofukiwa shimoni ziive? Unakumbuka zilivyokamuliwa kwa nyasi mpaka maji yake yakatoka, na mtama uliokaangwa ukasagwa ukatiwa ndani, na chombo kikafunikwa kikaachwa kichachuke? Nani alikuwa anaruhusiwa kukaribia? Nani alipewa cha kwanza? Ukasema hayo si mambo ya vitabuni. Mwanangu, Kitereza alitumia miaka ya maisha yake kuhakikisha kwamba ni mambo ya vitabuni.

Sasa fikiri tena kuhusu swali la binti yako. Wewe ulisikia anauliza, "Umesoma kiasi gani?" Inawezekana alikuwa anauliza hivyo. Lakini alianza na "si wewe ni Mkerewe?" Mtoto wa mjini, aliyekulia Kirumba, anasoma shuleni habari za kisiwa cha mama yake kama nchi ya mbali. Huenda alikuwa anamtafuta mama kuliko kitabu. Sina hakika, simjui; wewe unamjua. Nakuomba tu usikimbilie kuamini kwamba alikuwa anakupima.

Njia unazoweza kupita naziona tatu, na kila moja ina tope lake.

Unaweza kukisoma kimyakimya kabla ya Desemba na kumsimulia kama ulivyoahidi. Hakuna atakayeumia, na utakuwa umesoma kweli. Ila siku za mbalamwezi kabla ya Desemba ni chache na vitabu ni viwili vinene. Utasoma kwa mbio, ukikimbizana na uongo, na kusoma kwa namna hiyo kunaweza kukurudisha kulekule darasani. Tena mtoto akikuuliza ulikisomea wapi, mwaka gani, itabidi uongezee uongo mwingine.

Unaweza kumwambia ukweli kabla hajaja, pengine siku ya kutembelea wanafunzi. Mzigo utashuka. Hatari yake ni kwamba huenda ameshawaambia wenzake na mwalimu wake kwamba mama yake amekisoma, akaona haya mbele yao. Watoto wa umri huo huumia kwa mambo kama hayo, hata kama hasemi. Ukichagua njia hii, nadhani itasaidia ukimweleza na lile darasa lililokucheka. Si kwa kujitetea. Ni kwa sababu bila kisa hicho atausikia uongo peke yake, asijue ulitoka wapi.

Au unaweza kungoja aje na daftari lake, ndipo umwambie, na siku hiyohiyo mkifungue pamoja. Yeye anasoma, wewe unasimamisha: hapa bibi yangu alikuwa akifanya hivi, hapa kwetu ilikuwa tofauti, neno hili Kikerewe chake ni hili. Kazi yake ya shule itakuwa na kitu ambacho haiwezi kukipata maktaba. Lakini utakuwa umekaa na uongo miezi mingine, na unasema hulali.

Sikuchagulii. Mama mmoja angepona kwa kusema upesi, mwingine angehitaji kwanza kukishika kitabu mkononi ili apate ujasiri wa kusema. Jiulize tu ni lipi linakunyima usingizi zaidi, kutokusoma au kusema umesoma, maana dawa zake ni tofauti.

Huenda kitabu chenyewe usikikute kwenye meza za mtumba. Anzia Maktaba ya Mkoa, waulize wahudumu kwa jina la mwandishi. Wengine kwenu Ukerewe wana nakala sandukuni. Mtu akienda Nansio mwagize aulizie kwa walimu wa zamani.

Na wakati unakitafuta, usikae bure. Kuna kitabu nadhani kingekufaa kwa kazi yako, nacho ni Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu mwaka 1969. Watu huliogopa jina la Shakespeare, lakini angalia kisa. Mfanyabiashara Antonio mali yake yote iko majini, kwenye meli ambazo hazijarudi. Rafiki yake anahitaji pesa upesi kwa ajili ya posa. Antonio anakwenda kwa mkopeshaji Shylock, mtu ambaye yeye Antonio amewahi kumtukana hadharani, anachukua dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na dhamana anayoandikiwa ni ratili ya nyama ya mwili wake mwenyewe. Halafu habari zinaanza kuja kwamba meli zimezama.

Nani asiyelijua hilo pale Mwaloni? Umewahi kumpa mvuvi pesa ya mafuta na nyavu ukangoja mtumbwi urudi na dagaa wako. Umewahi kumdhamini mwenzako kwenye kikundi, siku ya marejesho ikafika hapokei simu. Nafikiri ukurasa wa masharti ya mkopo utauelewa kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo ambaye hajawahi kudaiwa. Nikuonye jambo moja: tamthilia imebeba chuki ya zama zake dhidi ya Wayahudi, na Shylock anadharauliwa kwa dini yake kwa namna inayouma. Usilifunike hilo, lizungumze na binti yako, yeye ni wa HKL na atakuwa na la kusema. Tena someni kwa sauti, mgawane wahusika, uani, wakati mnachambua dagaa. Tamthilia iliandikwa kwa midomo ya watu. Ukijikwaa kwenye neno, utajikwaa mbele ya mtu anayekupenda.

Kama unataka kitu cha kukuvuta mpaka usahau usingizi, kuna hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale. Zimesomwa tangu miaka ya 1960 na bado zinasomeka. Riwaya fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway ya mwaka 1952, ya mvuvi mzee wa Cuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki, kisha akanasa mmoja mrefu kuliko mtumbwi wake, nayo ingekuwa nyumbani kwako. Soma yule mzee anavyoishika kamba ikimkata viganja, uniambie kama wavuvi wako wanaishika hivyo.

Rosa Mistika nimeichelewesha kwa sababu. Ni ya Kezilahabi, msichana wa Ukerewe anayekuja kusoma sekondari hapa Mwanza, lugha nyepesi, inakwenda haraka. Kwa urahisi wa kusoma ndiyo ingekuwa ya kwanza. Lakini ina mambo mazito: baba mlevi anayepiga, msichana anayeharibikiwa, mwisho unaoumiza. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, baadaye ikafundishwa. Wewe ni mama wa msichana wa bweni. Nisingependa uisome peke yako usiku wakati tayari huna usingizi. Isome mchana, au isome binti akiwa nyumbani.

Kuhusu siku zako za mbalamwezi, usione ni chache. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na hakuna anayekuita alfajiri kuja kupima. Wasomaji wengi mjini hawana siku hata mbili za namna hiyo kwa mwezi. Anza na kurasa tano. Zikikushinda, weka alama, kesho jaribu kitabu kingine. Kukiacha kitabu kikapumzika hakukuondolei haki ya kukirudia.

Ukimpata Kitereza, nenda moja kwa moja pale Myombekere anapokwenda ukweni. Soma hapo mpaka kwenye pombe. Kisha niandikie uniambie kama bibi yako alifanya vilevile, au kwenu ilikuwa tofauti, na nani alipewa cha kwanza. Ningependa sana kujua.

Wako,
Shangazi